Msanii wa mazingaombwe anafanya kazi gani hasa?

Video ya mtu anayeelea hewani au anayepenya kwenye kioo ikianza kusambaa WhatsApp, ubishi huanza kabla haijaisha. Mmoja ataandika, "Huyo si bure, ana majini." Mwingine atamjibu, "Acha ushamba, hapo kamera imechezewa." Kila mmoja ana uhakika wake, na mara nyingi wote wawili wamekosea. Kati ya majini na kamera kuna kazi halali na ya zamani, yenye walimu, mazoezi, mikataba na hata kesi mahakamani. Hiyo ndiyo watu wengi hawaioni.

Tutenganishe kwanza watu wanne wanaochanganywa.

Mchawi ni mtu anayedai, au anayedaiwa na wenzake, kuwa na nguvu zisizoonekana za kudhuru au kugeuza mambo. Sheria za Uchawi za wakati wa mkoloni, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, zililenga zaidi dai lenyewe na hofu linayoleta kuliko kuthibitisha kama nguvu hizo zipo. Tapeli wa karata tatu, mchezo ambao Nairobi wanauita pata potea, ana vidole vyepesi kweli, lakini anakula hela yako huku ukidhani mnacheza bahati nasibu ya haki. Na wale wanaoshinda pembeni yako ni wenzake. Mtengeneza video anakata na kuunga picha kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuna lolote lililotokea mbele ya macho ya mtu yeyote. Wa nne ndiye msanii wa mazingaombwe, au kiini macho. Vidole vyake ni vilevile vya tapeli, ila wewe umekata tiketi ukijua unakwenda kudanganywa. Kudanganywa ndiko ulikolipia.

Yule wa nne anatofautiana na wenzake kwa makubaliano hayo kati yake na mtazamaji, na kazi yake yote inasimama juu ya makubaliano hayo. Mtu mmoja aliwahi kuyavuta hadi yakakaribia kukatika, tena kwenye runinga.

Jumatatu ya Aprili 9, 1956, kipindi cha Panorama cha BBC, ambacho kilikuwa cha habari na mambo mazito, kilimkaribisha msanii wa mazingaombwe wa India, Mbengali aliyevaa kama maharaja, yaani mfalme wa Kihindi, kilemba kichwani: P. C. Sorcar. Alikuwa amefika London kufungua msimu wa maonyesho katika ukumbi wa Duke of York's na alihitaji watu wamjue. Msichana wa miaka 17, Dipty Dey, alilazwa juu ya meza. Hapakuwa na sanduku la kumficha. Sorcar akashusha msumeno wa umeme wa duara, ukapita kiunoni. Kisha akamwita msichana, akamsugua mikono. Kimya. Akatikisa kichwa, akamfunika uso kwa kitambaa cheusi. Mtangazaji Richard Dimbleby akajitokeza mbele ya kamera, akaaga, kipindi kikaisha.

Simu za BBC zikajaa. Watu waliamini wameona binti akiuawa moja kwa moja sebuleni kwao. Ikabidi shirika litangaze kwamba Dipty hana hata mkwaruzo, na kesho yake habari ikawa kwenye kurasa za mbele za magazeti. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba muda wa kipindi uliisha. Lakini Sorcar alisifika kwa kupanga onyesho lake kwa sekunde, na kwa maoni yangu mtu wa aina hiyo hapitilizi muda kwa bahati mbaya siku ambayo nchi nzima inamtazama. Tiketi za msimu wake ziligombewa.

Sasa, mtu anawezaje kukudanganya huku umemkodolea macho? Anza na sarafu moja. Msanii anaionyesha mkono wa kulia, anaonekana kuiweka kwenye mkono wa kushoto, anafumba ngumi ya kushoto na kuitazama. Wewe nawe unaitazama, maana binadamu hufuata macho ya mwenzake bila kufikiri. Sarafu haikuhama, iko palepale kuliani, imebanwa kwenye nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Mkono wa kulia umeshuka pembeni kwa uchovu wa bandia, na hakuna anayeujali. Hapo huhitaji kasi. Ile methali ya mtaani kwamba mkono ni mwepesi kuliko jicho ina kosa: jicho ni jepesi kabisa, ila limetumwa kwingine.

Kanuni hiyo ikipandishwa ngazi, unaongeza kifaa. Sorcar alikuwa na kipande alichokiita Maji ya India. Mwanzoni mwa onyesho alimimina maji yote kutoka kwenye chombo cha chuma, akakiweka kando. Baada ya michezo kadhaa alikirudia, akamimina tena. Na tena, hadi mwisho wa usiku. Vyombo vya aina hii, vinavyoitwa lota, vina mamia ya miaka na namna vinavyofanya kazi imeandikwa hata kwenye vitabu vya watoto, kwa hiyo simharibii mtu ugali. Chombo kina kuta mbili, na kati ya kuta hizo mna maji. Chini kabisa, ukuta wa ndani una tundu. Karibu na mdomo kuna kitundu kingine kidogo cha hewa, ambacho kidole gumba hukiziba bila kuonekana. Zamisha mrija kwenye soda, ziba juu kwa kidole, kisha unyanyue: soda inaning'inia mle ndani hadi utakapoachia kidole. Maji ya kati ya kuta hufanya vivyo hivyo. Kidole kikiwa kimeziba, chombo kinamwagika hadi kuonekana kikavu. Kikiwekwa mezani na kidole kutoka, maji yaliyofichwa yanajipenyeza ndani taratibu wakati wewe unatazama kitu kingine.

Fundi wa mabati anaweza kutengeneza chombo hicho kwa siku moja. Kazi ya Sorcar ilikuwa kukupa kila mara sababu ya kukisahau, kisha kukurudisha kwake wakati unaofaa ucheke. Chombo kilekile mikononi mwa mtu asiyejua kusubiri ni sufuria tu.

Sorcar alizaliwa Februari 23, 1913 huko Tangail, Bengal, sehemu ambayo leo ni Bangladesh. Alijifunza kwa Ganapati Chakraborty, msanii mkongwe wa Kibengali. Jina la ukoo lilikuwa Sarkar. Yeye akabadili tahajia ili likaribiane na neno la Kiingereza la mchawi. Ni ujanja wa kibiashara ambao ungeweza kumletea balaa katika vijiji vyetu vingi, lakini kwake lilikuwa bango la bure. Wakati wasanii wengi wa fani hii walivaa suti nyeusi za Kizungu, yeye alivaa nguo za kifalme za Kihindi, akaliita onyesho lake Indrajal, na kwenye matangazo akajitambulisha bila haya kuwa mkuu kuliko wote duniani. Alisafiri na kundi zima: wasaidizi, wacheza ngoma, mapazia, mizigo ya vifaa. Mwaka 1964 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Ukitazama ratiba ya maisha yake utaona mfanyabiashara wa safari ambaye bidhaa yake ni mshangao.

Msumeno wenyewe hakuuvumbua yeye. Mwingereza P. T. Selbit alimkata mwanamke kwa msumeno jukwaani Januari 1921, katika ukumbi wa Finsbury Park Empire, London, akiwa amemfungia ndani ya sanduku. Selbit alielewa matangazo: aliwafanya watu wamwage maji mekundu kama damu mferejini nje ya ukumbi. Mshindani wake Horace Goldin, huko Marekani, akaja na namna yake, na baadaye akaleta msumeno wa duara usio na sanduku, babu wa ule wa Sorcar.

Katika namna mojawapo ya Goldin, kichwa unachokiona upande huu ni cha mtu mmoja na miguu ile ni ya mtu mwingine, aliyefichwa ndani ya meza ambayo ni nene kuliko inavyoonekana. Hapa pana jambo ambalo watazamaji hawalipi uzito. Kazi ngumu ya mwili inafanywa na yule tunayemwita "msaidizi". Ndiye anayejikunja kama kisu cha kukunja mahali pasipoenea mtoto, anayepanga pumzi, anayetabasamu huku shingo imebanwa. Mwenye kilemba anazungumza na kupunga mikono. Kwa miongo mingi jina kubwa kwenye bango lilikuwa la mpunga mikono.

Kisha ikaja runinga, na kazi ikabadilika kwa namna mbili.

Ya kwanza ni njaa ya vipande vipya. Zamani msanii alikuwa na dakika 15 zilizonyooka, akazunguka nazo mji hadi mji kwa miaka bila kubadili kitu, kwa sababu kila usiku watazamaji walikuwa wapya. Runinga huzimaliza dakika hizo kwa usiku mmoja. Wiki ijayo watu haohao wanataka kingine. Msanii Mwingereza Paul Daniels aliziishi nyakati zote mbili, ya jukwaa na ya runinga. Alikuwa karani wa halmashauri na muuza duka, huku akifanya mazingaombwe kwenye vilabu vya wafanyakazi, hadi shindano la vipaji la runinga lilipomtambulisha mwaka 1970. Kuanzia 1979 hadi 1994 alikuwa na kipindi chake BBC. Hakuna binadamu anayebuni michezo kwa kasi hiyo peke yake. Nyuma yake walikuwapo washauri, maarufu zaidi akiwa Ali Bongo, ambao kazi yao ilikuwa kufikiri, kuchora na kuunda vifaa. Kwenye kipindi hichohicho Daniels alikuwa na kibanda alichocheza michezo ya matapeli wa barabarani, karata tatu ikiwamo. Ilikuwa burudani, lakini mtazamaji makini aliondoka na somo la bure la jinsi ya kutoliwa hela sokoni.

Badiliko la pili ndilo kubwa: imani. Ukumbini unatazama kwa macho yako, unageuza shingo utakapo. Runingani unatazama kile ulichochaguliwa. Kwa hiyo swali la "kamera imechezewa" si la kijinga hata kidogo; liliwasumbua wasanii wenyewe tangu mwanzo. Mwaka 1960, Mmarekani Mark Wilson alipoanzisha kipindi chake cha mazingaombwe kwenye runinga ya Marekani ya CBS, alijiwekea masharti: pawe na watazamaji wa kweli studioni, na kamera isikatishe picha wakati mchezo unaendelea. Desemba 26, 1975, Doug Henning wa Kanada alikwenda mbali zaidi, akafanya onyesho zima moja kwa moja kupitia NBC, runinga nyingine ya Marekani, pamoja na kujinasua kutoka kwenye tangi la maji alimozamishwa kichwa chini.

Masharti hayo yana sababu ya kibiashara. Mtu akishajua kwamba msanii anakata picha, hashangai tena, hata pale msanii anapofanya jambo gumu kwa mikono yake. Ndiyo maana video fupi nyingi za simu zinaiumiza fani hii: nyingi ni za mtengeneza video, yule wa tatu kwenye orodha yetu, lakini lawama anabeba wa nne.

Mfano unaobishaniwa zaidi ni wa msanii Mmarekani David Copperfield. Aprili 1983, watazamaji wa CBS walimwona akiifanya Sanamu ya Uhuru ya New York itoweke. Wengi hadi leo wanadhani picha zilikatwa. Lakini kulikuwa na watu wameketi palepale kisiwani usiku ule, mbele ya nguzo mbili kubwa zilizoshika pazia. Pazia likafungwa, muda ukapita, likafunguliwa: sanamu haipo, ni giza na mianga ya taa. Maelezo yaliyochapishwa tangu zamani, na yanayokubaliwa na wengi, ni rahisi hadi yanaudhi. Jukwaa walilokalia watu lilikuwa linazunguka. Pazia lilipokuwa limefungwa, jukwaa hilo lilisogezwa taratibu kiasi kidogo tu, huku muziki ukipigwa kwa sauti, na pazia lilipofunguliwa sanamu ikawa nyuma ya nguzo mojawapo. Kamera nayo ilikuwa juu ya jukwaa hilohilo, ikidanganywa sawasawa na watu. Sanamu yenyewe ilikuwa mahali pake.

Turudi kwa kambi ya majini. Hoja yao huwa hii: jambo hili haliwezekani, basi kuna mkono usioonekana. Historia ya fani hii haiwaungi mkono, maana imejaa ajali za kawaida kabisa. Mmarekani William Robinson, aliyejifanya Mchina kwa jina la Chung Ling Soo, alipata umaarufu kwa kuonekana kudaka risasi. Bunduki zake zilitengenezwa ili risasi ya kweli isitoke. Machi 23, 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, bunduki moja iliyochakaa kwa miaka ya matumizi ikafyatua risasi ya kweli, ikampiga kifuani, akafa kesho yake. Kilichomuua ni kifaa ambacho hakikutunzwa ipasavyo.

Kuna pia wanaosema watazamaji wote wanaoitwa jukwaani ni watu wa msanii. Wapo wanaopangwa, sikatai. Ila ni njia ghali na yenye uvujaji: kila uliyemlipa anyamaze ni mdomo mmoja zaidi wa kuchunga, na kundi la safari halina fedha za kupeleka waigizaji kila mji. Wasanii wazuri wanapendelea mtu asiyejua kitu, kwa sababu mshtuko wake ni wa kweli, na mshtuko huo ndio unaowashawishi waliobaki kwenye viti.

Daniels naye alijaribu moto wa Sorcar. Mwaka 1987, katika kipindi maalumu cha Halloween, usiku wa michezo ya kutisha, kilichorushwa moja kwa moja, alifungwa ndani ya kifaa chenye misumari, kikajifunga kabla hajaonekana kutoka, na kipindi kikakatishwa ghafla. Simu zikapigwa, malalamiko yakaja, na baadaye watu wakajulishwa kuwa ni mzima. Miaka 31 ilikuwa imepita tangu Dipty Dey, shirika lilelile, na watu wakaingia mtego uleule. Yupo atakayeona ni ubunifu. Mimi naona hapo makubaliano yalivunjwa kidogo: mtazamaji amekubali kudanganywa kuhusu msumeno, hajakubali kulala akidhani ameshuhudia kifo.

Limebaki swali la siri. Watu hudhani sheria inazilinda, kama inavyolinda wimbo. Hapana, na Goldin alijifunza kwa uchungu. Alipata hataza ya Marekani, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe, ya mchezo wake wa msumeno mwaka 1923. Lakini ili upewe hataza ni lazima ueleze kwa michoro jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, na maelezo hayo huwekwa wazi kwa yeyote atakaye kusoma. Mwaka 1933 kampuni ya sigara za Camel ikatoa tangazo la magazetini lililofichua siri ya mwanamke aliyekatwa. Goldin akashtaki, na mwaka 1938 kesi yake ikatupwa: siri aliyoipeleka mwenyewe serikalini haikuwa siri tena.

Kinacholindwa ni igizo. Msanii Mmarekani Teller, yule mkimya wa kundi la Penn & Teller, ana mchezo ambao anakata kivuli cha ua kwa kisu na ua lenyewe linapukutika. Aliuanza 1976, akausajili 1983 kama igizo la bila maneno. Mbelgiji mmoja alipouiga na kutangaza kuuza siri yake, Teller alimpeleka mahakamani Nevada, Marekani, na mwaka 2014 akashinda. Mahakama haikuhitaji kulinda njia. Ililinda mpangilio wa matendo, ua, kivuli, kisu na majani yanayoanguka. Kwa maneno mengine, Mbelgiji angeweza kuijua njia yote na bado asiruhusiwe kulicheza igizo lile.

Hilo linasaidia kuelewa kilichobaki Sorcar alipofariki, Januari 6, 1971, akiwa kwenye ziara ya maonyesho Japani. Siri zake nyingi zilikuwa zinajulikana kwa wenzake tangu zamani. Alichorithisha ni jina, mavazi, vifaa, na namna ya kuliendesha kundi kubwa usiku baada ya usiku. Mwanawe Pradip akaishika kazi kama P. C. Sorcar Jr., na mwaka 2000 akafanya jengo maarufu la Taj Mahal litoweke mbele ya watazamaji kule Agra, India. Binti wa Pradip, Maneka, naye aliingia jukwaani, na hakuingia kama wa kulazwa mezani. Yeye ndiye mwenye onyesho.